Mshipa Kupanuka si Mshipa Kupona

Mwenyekiti wa kikao, wauguzi na wafamasia wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa sababu mnameza dawa za presha au za moyo, au mnamuuguza anayezimeza: asanteni kwa kufika. Niliombwa nizungumzie dawa za kupanua mishipa ya damu. Nimekubali, ila sitaanza na dawa. Nitaanza na mshipa wenyewe, tena na sehemu yake ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia ikitajwa.

Mwaka 1978, katika maabara moja huko Brooklyn, New York, mtafiti Robert Furchgott alikuwa amekwisha kutumia zaidi ya miaka 20 akichunguza vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Kazi ilikuwa hivi. Unakata kipande cha mshipa, unakitundika ndani ya chombo chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, unakifunga kwenye kipimo kinachoonyesha kinavuta kwa nguvu kiasi gani, kisha unatia dawa na kutazama kama kitajikaza au kitalegea. Miaka yote hiyo asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe, ilikuwa ikivikaza vipande vyake. Lakini ukiidunga asetilikolini hiyohiyo ndani ya mnyama aliye hai, mishipa hulegea na presha hushuka. Fumbo lilikaa hivyo, watu wakalizoea.

Siku moja msaidizi wake akaruka hatua katika maagizo ya jaribio, na dawa ya jamii ya asetilikolini ikakilegeza kipande kilichotazamiwa kujikaza. Bosi mwingine angemfokea kijana wa watu na kuamuru jaribio lirudiwe. Furchgott alikaa akatafuta tofauti, akaipata mahali pa ajabu: namna ya kukata. Vipande vya zamani, kwa jinsi vilivyokuwa vikiandaliwa, upande wao wa ndani ulikuwa ukisuguka bila mtu kukusudia. Hivi vipya havikusuguliwa. Na kilichokuwa kikitoka kwa msuguo huo mdogo ni tabaka moja tu la seli, lile linalogusana na damu.

Hakuishia hapo. Alichukua kipande kilichosuguliwa, akakilaza uso kwa uso na kipande chenye tabaka lake zima, kama vipande viwili vya mkate. Akatia asetilikolini. Kile kilichosuguliwa, ambacho peke yake kilikuwa kinajikaza tu, sasa kikalegea. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kimetoka kwa jirani kikavuka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980, na kwangu mimi bado ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma, kwa sababu hata mtoto wa shule anaweza kuyaelewa.

Tabaka hilo kitaalamu linaitwa endothelia. Mimi napenda kuliita bitana ya mshipa, ingawa neno bitana linalipunguzia heshima, maana bitana ya koti haifanyi kazi nyingine zaidi ya kukaa. Hii inafanya kazi usiku na mchana. Imetanda kuanzia ndani ya moyo hadi kwenye kapilari, ile mishipa midogo kabisa, na kapilari yenyewe karibu yote ni bitana hiyo tu, haina ukuta mwingine wa maana. Ndiyo inayozuia damu isigande ovyo ndani ya mshipa. Ndiyo inayoamua chembe nyeupe zipite au zisipite. Inahisi mkwaruzo wa damu inavyopita juu yake, na damu ikienda kasi inautumia msuli wa mshipa ujumbe: legea, mpe nafasi.

Ujumbe wenyewe ni nini? Jibu lilipatikana mwaka 1987, kwa kazi ya Salvador Moncada na wenzake nchini Uingereza na ya Louis Ignarro nchini Marekani. Ni oksidi ya nitriki. Hewa! Hewa ileile inayopatikana kwenye moshi wa magari. Inaishi sekunde chache tu, inapenya kutoka kwenye seli ya bitana hadi kwenye seli ya msuli iliyo chini yake, inakiamsha kimeng'enya kinachotengeneza kemikali iitwayo GMP ya duara, kalsiamu inapungua ndani ya msuli, na msuli unalegea. Mwaka 1998 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Ferid Murad. Moncada aliachwa, na wapo mpaka leo wasioridhika na hilo. Mimi nimo.

Sasa shikeni jambo moja, maana hotuba yangu yote imesimama juu yake. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliingiza asetilikolini kidogokidogo, kupitia mrija mwembamba, ndani ya mishipa inayoulisha moyo wa watu walio hai. Mishipa iliyokuwa safi ilipanuka. Mishipa yenye ugonjwa ilijibana. Agizo lilelile, jibu kinyume. Bitana ikiwa mzima, agizo linapokelewa na oksidi ya nitriki inatolewa. Bitana ikiwa imechakaa kwa sigara, kisukari, lehemu au presha ya miaka mingi, agizo linaupata msuli peke yake, nao unajikaza. Fikiria mtu wa namna hiyo anapopandisha ngazi. Moyo unadai damu zaidi, na mshipa ambao ungepaswa kufunguka unashindwa.

Hapo ndipo dawa zetu zinapoingia, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Tunaona mshipa umebana, tunaufungua, presha inashuka kwenye mashine, tunafurahi. Lakini kuufungua mshipa ni jambo moja, na kuihudumia bitana yake ni jambo jingine. Ziko dawa zinazofanya la kwanza bila la pili. Ziko zinazofanya la kwanza huku zikiliharibu la pili. Na ziko, ashukuriwe Mungu, zinazoyafanya yote mawili.

Tuanze na kongwe yao, nitrogliserini. Ilitengenezwa na Ascanio Sobrero mjini Torino, Italia, mwaka 1847. Alionja kidogo tu ulimini, kichwa kikamgonga vibaya. Baadaye Alfred Nobel akaifunga ndani ya udongo akapata baruti aliyoiandikisha mwaka 1867, na ndiyo iliyompa utajiri ulioanzisha tuzo niliyoitaja. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London akaandika jinsi inavyotuliza maumivu ya kifua yale tunayoyaita angina. Nobel mwenyewe, uzeeni, moyo ulipoanza kumsumbua, madaktari walimwandikia nitrogliserini. Aliandika barua akicheka kinyume hicho cha majaliwa, akasema wameipa jina jingine ili wauza dawa na umma wasiogope. Alifariki Desemba 1896.

Miaka mia moja ya matumizi, na hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Murad ndiye aliyeonyesha mwaka 1977 kwamba dawa hii hutoa oksidi ya nitriki. Kwa maneno mengine, inaupelekea msuli ule ujumbe ambao bitana ingeutoa, ila inapita mlango wa nyuma. Haihitaji bitana iwe nzima. Mshipa uliosuguliwa ukautia nitrogliserini unalegea vilevile. Ndiyo maana inamfaa hata mtu ambaye mishipa yake imechoka sana. Hupanua zaidi vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni, damu inakaa kidogo miguuni na tumboni, moyo unapokea mzigo mdogo, unahitaji oksijeni kidogo, na maumivu yanaachia.

Mwenye kuitumia anajua inavyokuwa. Unakaa chini kwanza, maana ukiwa umesimama unaweza kuanguka. Kidonge kidogo mno unakiweka chini ya ulimi, humezi. Kinachoma kidogo. Baada ya dakika moja au mbili uso unapata joto, kichwa kinaanza kupwita kama ngoma ya mbali, na huku kifuani lile jiwe linaanza kunyanyuka. Watu hulalamikia kile kichwa. Mimi huwaambia: mishipa ya kichwani nayo imefunguka, ni dawa ileile iko kazini.

Lakini wafanyakazi wa viwanda vya baruti ndio waliokuwa wa kwanza kuiona sura yake ya pili. Jumatatu waliporudi kazini, kichwa kiliwauma vibaya. Kufikia katikati ya wiki kilikuwa kimeacha, mwili umezoea. Wakipumzika mwisho wa wiki mazoea yanaisha, na Jumatatu wanaanza upya. Kibaya zaidi, baadhi yao walipatwa na maumivu ya kifua, hata vifo vya ghafla, katika siku za kukaa mbali na kiwanda, kwa sababu mishipa iliyozoea kufunguliwa kutoka nje ilijibana ilipoachwa peke yake.

Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa anayebandika plasta ya nitrogliserini saa 24 bila kuitoa. Katika siku moja au mbili nguvu yake inafifia. Kimeng'enya kinachoichambua dawa ndani ya seli kinachoka, na pamoja na hilo zinazalishwa chembe haribifu za oksijeni ambazo zinaidaka oksidi ya nitriki kabla haijafika kwenye msuli, pamoja na ile ambayo bitana ilikuwa ikiitoa yenyewe. Watafiti waliwapa watu wazima wa afya nitrogliserini mfululizo kwa siku kadhaa, kisha wakapima jibu la mishipa yao kwa asetilikolini. Lilikuwa limepungua. Watu hao hawakuwa wagonjwa! Dawa yenyewe ndiyo iliyoitia bitana yao uzembe. Kwa hiyo mkiambiwa plasta itolewe usiku, au vidonge vya nitrati, yaani dawa za ukoo wa nitrogliserini, vya kila siku vipangwe ili pabaki saa 10 hadi 12 bila dawa, si ubahili wa hospitali. Ni muda wa bitana kupumua. Mpangilio wenyewe anaupanga daktari, maana wapo ambao maumivu yao huja usiku.

Je, nitrati zinaongeza maisha? Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa, ISIS-4, wa watu zaidi ya 58,000 waliokuwa wamepatwa au kudhaniwa wamepatwa na mshtuko wa moyo. Katika wiki tano, nitrati ya kumeza haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuaminika. Katika utafiti uleule, kaptoprili, dawa ya presha nitakayoieleza baadaye, iliokoa watu takriban 5 kwa kila 1,000. Dawa zote mbili hupanua mishipa. Basi tofauti iko wapi?

Kabla sijajibu, niwaonyeshe kwanza ubaya wa kupanua kwa pupa. Zamani mgonjwa akifika na presha ya kutisha, alitobolewa kidonge laini cha nifedipini ya haraka, akaiweka chini ya ulimi au kuimeza palepale. Presha ilianguka kama embe. Kila mtu aliridhika isipokuwa ubongo na moyo wa mgonjwa, kwani wapo waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo baada ya hapo. Mwili ukihisi presha imeporomoka hupiga king'ora: moyo unakimbia, figo zinashikilia chumvi na maji. Katika miaka ya 1990 mtindo huo ulipigwa vita, na ni sawa kabisa. Amlodipini, ambayo ni ya ukoo huohuo lakini inaingia taratibu na kukaa, haina makeke hayo, na wengi wenu mnaitumia kwa usalama; ikiwavimbisha vifundo vya miguu semeni.

Mfano mwingine ni epoprostenoli. Ni moja ya kemikali ambazo bitana yenyewe hutengeneza, inapanua mishipa na kuzuia damu kuganda. Ungedhani hakuna kinachoweza kumfaa zaidi mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa mahututi wa namna hiyo, vipimo vya moyo vilipendeza, na vifo vikaelekea kuongezeka hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Namba nzuri kwenye skrini, jeneza mlangoni.

Sasa kaptoprili. Hadithi yake inaanza kwa nyoka wa Brazili, jararaka, ambaye sumu yake huangusha presha ya aliyeumwa. Sérgio Ferreira alionyesha mwaka 1965 kwamba ndani ya sumu hiyo mna kitu kinachoirefushia maisha bradikinini, kemikali ya mwilini inayopanua mishipa, na kutokana na kazi hiyo watafiti wa Marekani wakatengeneza kidonge kilichoruhusiwa nchini mwao mwaka 1981. Kidonge hicho na ndugu zake, enalaprili, ramiprili na wengineo wenye majina yanayoishia hivyo, hukizuia kimeng'enya kiitwacho ACE. Hapo yanatokea mambo mawili kwa mpigo. Angiotensini ya pili inapungua. Hiyo ndiyo inayokaza mshipa, na ndiyo inayoichochea bitana izalishe zile chembe haribifu. Na bradikinini inaongezeka; hiyo huigonga bitana begani na kuiambia itoe oksidi ya nitriki. Bradikinini hiyohiyo ndiyo inayomletea mtu kikohozi kikavu kisichoisha. Ukikipata usiache dawa kimyakimya, rudi ubadilishiwe. Zipo za kundi jirani zisizo na kikohozi. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo si ya kusubiri kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na mwenye mimba asiguse kundi hili.

Mwaka 2000 utafiti wa HOPE, wa watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari, ulionyesha kwamba ramiprili ilipunguza kwa asilimia 22 jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo na mishipa. Presha yenyewe ilishuka kidogo sana, namba mbili tatu tu za mashine ya presha. Wapo waliobisha, wakasema presha ya usiku ilishuka zaidi ya ilivyopimwa kliniki, na hoja yao ina uzito. Mimi naamini ukweli umekaa katikati: presha ilifanya sehemu yake, na bitana ikafanya sehemu yake.

Upo pia mwungano ninaoupenda kuutaja kwa wanafunzi. Hidralazini peke yake ni mpanuzi wa ovyo, moyo unakwenda mbio. Nitrati peke yake inazoeleka. Ukiziweka pamoja, hidralazini inaonekana kuzizuia zile chembe haribifu, na nitrati inabaki na makali yake. Utafiti wa mwaka 1986 ulionyesha wenye moyo ulioshindwa waliishi zaidi kwa mchanganyiko huo, ilhali prazosini, mpanuzi mwingine, haikuwasaidia kuliko kidonge kitupu. Mwaka 2004, kwa Wamarekani weusi 1,050 wenye ugonjwa huo, vifo vilipungua kwa asilimia 43. Dawa ikaruhusiwa mwaka uliofuata kwa watu weusi tu, na ugomvi ukazuka, kwani ngozi si kipimo cha bitana. Ugomvi huo una haki yake, lakini wagonjwa waliishi.

Kuna dawa moja ambayo watu huinunua kwa aibu, nami lazima niitaje kwa sauti. Sildenafili ilikuwa ikijaribiwa Uingereza kwa ajili ya angina. Kifuani haikufanya makubwa; mahali pengine ilifanya, mkajua. Yenyewe haileti oksidi ya nitriki. Inaizuia tu ile GMP ya duara isivunjwe, kwa hiyo inategemea bitana iwe imetoa ujumbe kwanza. Kina baba, sikilizeni: nguvu zikipungua, mara nyingi mishipa midogo ya huko chini ndiyo inayotoa taarifa mapema kuliko ya moyo, kwa kuwa ni myembamba zaidi. Kabla ya kutafuta kidonge, pima presha, sukari na lehemu. Na anayetumia nitrati ya aina yoyote asiiguse kabisa. Mmoja anafungulia maji, mwingine anaziba tundu la kutolea, presha inaporomoka mpaka mtu anakufa. Ukiumwa kifua ukakimbizwa hospitali, mwambie daktari ukweli, hata mkeo akiwa amesimama pale. Baada ya sildenafili nitrati haipewi kwa saa 24. Baada ya tadalafili, ndugu yake, saa 48.

Mtauliza, bitana yangu nitaijuaje? Kipo kipimo cha watafiti, kilichoelezwa London mwaka 1992. Wanautazama mshipa wa mkono kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wanaufunga mkono kwa mpira wa presha dakika tano, wanaufungulia ghafla. Damu inapita kwa kishindo, na bitana nzima inaupanua mshipa. Kwa wavuta sigara ulipanuka kidogo mno, na walikuwa watu wasiojisikia ugonjwa wowote. Kliniki za kawaida hazina kipimo hiki, wala sioni haja ya kukitafuta. Anayevuta sigara jibu analo. Anayetembea kwa miguu hadi jasho limtoke naye analo, kwa sababu mwendo wa damu juu ya bitana ndio chakula chake. Dawa za kupunguza lehemu, zile statini, nazo huisaidia, lakini wengi walioandikiwa huziacha mapema.

Mwisho, vidonge vya chini ya ulimi. Vikae kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa. Nimeona vimefungwa kwenye karatasi, vimetiwa mfuko wa shati, vimekaa miezi na jasho. Nitrogliserini huruka. Siku ya kifua kubana unaweka ulimini chaki. Maumivu yasipoachia dakika tano baada ya kidonge cha kwanza, ita msaada. Usikae kuhesabu vidonge.

Nimemaliza upande wangu. Aliyekuja na dawa zake mkobani azitoe, tuzisome moja moja, tuone ipi inafungua mlango tu, na ipi inautunza na ukuta.